Nani Aliipa Ghuba ya Speke Jina Lake?

Fungua ramani ya Mkoa wa Simiyu. Pale Wilaya ya Busega inapogusa Ziwa Victoria, maji yameandikwa "Ghuba ya Speke". Majina yanayoizunguka ni Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, yote ya vinywani mwa wenyeji. Jina la Speke, msafiri Mwingereza, lilipenyaje hapa?

Simulizi iliyozoeleka ni fupi: Speke alifika, akaiona ghuba, akaipa jina lake. Niliamua kuipima kwa kumbukumbu za safari zake. Alifika kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wake. Alitazama maji kutoka kilimani, akakaa siku chache, akarudi Kazeh, Tabora ya leo. Hakuizunguka ghuba kwa chombo. Ziwa alilipa jina la Malkia Victoria, ingawa wafanyabiashara wa misafara walikuwa tayari wakiliita Ukerewe. Hori la Mwanza aliliita Jordans, jina la nyumba ya kwao Somerset. Basi ghuba ilipewa jina na nani?

Jibu limo katika kitabu cha mwaka 1878 cha Stanley, msafiri aliyefika ziwani baada ya Speke. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Tarehe 8 Machi 1875 aling'oa nanga Kageye, akashika njia ya mashariki. Ghuba aliyopita akaiita Speke, kwa heshima ya mtu aliyefariki mwaka 1864. Kwa hiyo simulizi ya kwanza inaanguka: ghuba ilipewa jina hilo na mwingine, tena Speke akiwa kaburini. Lakini waliokuwa wakivua humo siku zote waliiitaje?

Nilikwenda kuuliza Lamadi, ufukweni. Wavuvi walinijibu "ziwani", basi. Kila mwalo wanautaja kwa jina la kijiji chake, kila jiwe kubwa lina jina lake, ila maji yote kwa pamoja hayana jina moja. Njia hiyo ilinifikisha ukutani. Au yawezekana hitaji la jina moja lilikuwa la mchora ramani tu?

Nikaugeukia Mto Simiyu, unaoingia katika ghuba hiyo. Stanley aliusikia kwa wenyeji, akauandika "Shimeeyu". Hapa hakubandika jina la mkubwa yeyote wa Ulaya. Ila alikwenda mbali zaidi: akautangaza mto huo kuwa chanzo cha Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini. Dai hilo lina uzito gani?

Kiangazi, shuka kwenye mkondo wa Simiyu. Utakuta mchanga mpana, mweupe, na kina mama wamechimba mashimo ya kina cha mkono, wanateka maji kidogo kidogo hadi ndoo ijae. Stanley alipita mdomoni mwa mto mwezi Machi, msimu wa mvua. Angekuja Septemba, angeandika vile vile?

Mwaka 1876 mwenyewe aliufikia Kagera, mto mkubwa zaidi, akauita Nile ya Alexandra, jina la mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza. Leo hakuna anayeuita hivyo. Jordans nalo limekufa. Huko Pasifiki, nahodha Cook alivipa visiwa vya Hawaii jina la Sandwich mwaka 1778, nalo likafifia, Hawaii ikabaki. Kwa nini basi Speke hakufutika?

Sababu ninayoiona ni hii: Kagera na Hawaii yalikuwa majina yaliyotamkwa kila siku, yakalishinda la mgeni. Ghuba haikuwa na jina moja la kushindana na la Speke. Ramani za Wajerumani zikalinakili, za Waingereza zikafuata, kisha atlasi za shule.

Simiyu, jina ambalo mgeni aliliazima tu, lilipanda cheo mwaka 2012 likawa jina la mkoa. Majina ya mialo na mawe ya Busega hayajapata bahati hiyo, na wengi wanaoyajua vizuri ni wazee. Mwalimu wa Lamadi, wa Nyashimo, wa Bariadi: wape wanafunzi daftari, wawaendee wazee hao, wayaandike. Jina lisiloandikwa huachia nafasi, na ramani haipendi nafasi tupu.