Baraza la Watunga Programu: Historia ya Kuulizana na Kujibizana

Kila ufundi una baraza lake. Wavuvi huulizana habari za pepo na maji, wahunzi huulizana habari za moto na chuma, na washairi wetu, tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, wameulizana na kujibizana kwa beti mbele ya macho ya wasomaji wote. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mafundi wa ufundi mpya kabisa, yaani wale watungao programu za kompyuta, walivyojijengea baraza la namna hiyo huko Marekani, likakua, likaenea ulimwenguni, na sasa limefikwa na mtihani mkubwa. Twaieleza habari hii kwa sababu vijana wetu wanaojifunza ufundi huo wamekula matunda ya baraza hilo kwa miaka mingi, na aghalabu hawajui mti wake ulipandwa na nani wala ulimwagiliwa maji kwa desturi gani.

Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mashine yaweza kuifuata. Mashine haina busara ya kusamehe. Nukta moja ikikosewa mahali pake, kazi yote husimama, na mtungaji aweza kukesha akilitafuta kosa asilione. Lakini kosa lile lile lililomnyima yeye usingizi limekwisha kumnyima mwingine usingizi mahali pengine. Hapo ndipo ilipo asili ya jambo tunalolisimulia. Aliyepata jibu akilifungia sandukuni, wa pili atakesha, na wa tatu, na wa mia. Akiliandika mahali pa wazi, mkesha mmoja umewatosha wote.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulitambua jambo hili na kuliundia chama walikuwa mafundi wa viwanda vya ndege vya kusini mwa California. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya IBM ilitoa mashine yake iitwayo 701, na zilitengenezwa 19 tu. Kila shirika lililopata mashine liliajiri vijana wake, na kila kundi la vijana likatunga peke yake programu zile zile za kutafuta vipeuo, kupanga namba na kuchapisha majibu. Ilipotangazwa mashine mpya, 704, ambayo haikuweza kuzifuata programu za ile ya kwanza, ikadhihirika kwamba kazi yote ingepaswa kuanzwa tena. Ndipo mwezi wa Agosti 1955 wajumbe wa mashirika yapatayo 17 walipokutana katika ofisi za shirika la utafiti la RAND, mjini Santa Monica, wakaunda chama wakakiita SHARE, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni kugawana.

Inafaa tutue kidogo hapa. Lockheed na North American Aviation, waliokuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo, walikuwa mahasimu wa soko, wakigombea zabuni za ndege za kivita. Hata hivyo walikaa meza moja. Waliona kwamba siri ya ndege ni siri, lakini namna ya kupata kipeuo cha namba si siri ya mtu. Mwongozo wa chama uliwataka wanachama waje na moyo wa ushirikiano, wauheshimu ujuzi wa wenzao, na wawe tayari kuyakubali maoni ya wengine mara nyingi zaidi kuliko kushikilia ya kwao. Programu iliyotungwa na mmoja ilitumwa katika maktaba ya chama, na kutoka huko ikagawiwa kwa wote. Katika mwaka mmoja tu idadi ya wanachama ilizidi mara tatu. Mtu asidhani kwamba mambo haya yalitokana na upendo mtupu. Mashine ile ilikodishwa kwa fedha nyingi, na saa moja iliyopotea ilikuwa hasara. Wapare wanapoitana kwenda kwenye msaragambo kuchimba mfereji, kila mmoja huwa ana shamba lake linalongoja maji; wala hilo halipunguzi heshima ya kazi yao.

Lakini SHARE kilikuwa chama cha mashirika. Mtu mmoja mmoja, hasa mwanafunzi asiye na kampuni, hakuwa na mahali pa kuulizia. Mlango wake ulifunguliwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke walibuni njia ya kuzifanya kompyuta zipigiane simu na kubadilishana habari, na mwenzao Steve Bellovin wa Chuo Kikuu cha North Carolina akatunga programu ya kwanza ya kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1980 mpango huo ukaanza kutumika kwa jina la Usenet. Humo swali liliandikwa jioni katika chuo kimoja, na jibu likaja baada ya siku kadhaa kutoka kwa mtu ambaye muulizaji hakupata kumwona maishani mwake.

Usenet ilizaa adabu zake. Mgeni alitakiwa asome kwanza kwa muda kabla ya kusema, na maswali yaliyorudiwa mno yaliandikwa pamoja na majibu yake katika waraka mmoja, ili wenyeji wasichoshwe. Kila mwezi wa Septemba, vyuo vilipofunguliwa, kundi jipya la wanafunzi liliingia likiwa halijui adabu hizo, likafundishwa, na baada ya wiki chache utulivu ukarudi. Mwaka 1993 na ule uliofuata, kampuni za kuuza huduma za mtandao zilianza kuwaingiza wateja wao kwa maelfu, mwaka mzima bila kituo. Wenyeji wakasema kwamba Septemba imekuja na haitakwisha tena. Kwa maoni yetu msemo huo una funzo kubwa kuliko vitabu vingi vya elimu ya jamii: desturi haifi kwa sababu wageni ni wabaya, hufa pale wanafunzi wanapozidi uwezo wa walimu.

Baraza lililojulikana kupita yote lilizinduliwa tarehe 15 Septemba 2008 na watunga programu wawili, Jeff Atwood na Joel Spolsky. Waliliita Stack Overflow, kwa jina la kosa mojawapo la programu, pale sehemu ya kumbukumbu ya mashine inapojazwa hata ikafurika. Wakati huo mwenye kutafuta jibu katika intaneti alikuta ama jibu limefichwa nyuma ya lango la malipo, ama limezama katikati ya soga. Atwood na Spolsky waliweka kanuni chache. Swali liwe moja na liwe na mpaka. Jibu liwe jibu, si mazungumzo. Mtu yeyote aweza kuyasahihisha maandishi ya mwenziwe. Na maandishi yote yatolewe kwa leseni ya wazi, kila mtu aweze kuyachukua na kuyatumia madhali anamtaja mwenyewe na kuyagawa kwa sharti hilo hilo.

Kisha wakaongeza jambo lililowafurahisha wengi na kuwakera wengine, nalo ni alama za heshima. Kura ya kuliunga mkono jibu humpatia mjibu alama 10, na muulizaji akilikubali, mjibu huongezewa 15. Anayepiga kura ya kulipinga jibu la mwenziwe hupoteza alama 1 yeye mwenyewe, ili asipinge ovyo. Mwenye alama 2,000 huweza kusahihisha maandishi ya wengine bila kungoja idhini, na mwenye 3,000 huweza kupiga kura ya kulifunga swali. Ndiyo kusema madaraka katika baraza hili hayakutolewa kwa cheti wala kwa cheo; yalipatikana kwa kujibu. Kijana asiyemaliza shule aliweza kumsahihisha profesa, na wote wakaona. Kwa utaratibu huo yalikusanyika maswali zaidi ya milioni 20.

Tutoe mfano mmoja, kwa kuwa pasipo mfano msomaji aweza kudhani hayo yalikuwa maswali makavu tu. Mwaka 2012 mtu mmoja alitunga programu ya kupitia orodha ya namba 32,768 na kujumlisha zile zisizopungua 128. Akagundua ajabu: akizipanga namba kwanza kutoka ndogo hadi kubwa, mashine huimaliza kazi ya kujumlisha karibu mara 6 upesi zaidi kuliko zikiwa zimechanganyika. Namba ni zile zile, hesabu ni ile ile. Kwa nini basi? Jibu lililokuja likapendwa kuliko karibu majibu yote ya baraza halikuanza na kompyuta. Lilimtaka msomaji ajifikirie kuwa mtumishi wa reli wa zama za kale, anayesimama mahali njia mbili zinapoachana, na treni yaja, naye hajui inaelekea wapi. Treni ni nzito. Ikisimamishwa ili dereva aulizwe, huchukua muda mrefu kushika mwendo tena. Basi mtumishi hukisia. Akipatia, treni hupita bila kupunguza mwendo. Akikosea, husimama, ikarudi nyuma na kushika njia ya pili. Mashine nayo hufanya vivyo hivyo kila inapokuta njia panda ndani ya programu. Namba zikiwa zimepangwa, treni zote za mwanzo huelekea upande mmoja na zote za mwisho upande wa pili, na kisio hukosea mara chache mno. Zikichanganyika, hukosea mara nyingi. Msomaji wa Tabora, ambako reli ya Mwanza huachana na ile ya Kigoma, hahitaji maelezo zaidi. Mjibu hakulipwa hata senti kwa somo hilo.

Hata hivyo wivu wa kulilinda baraza uligeuka ukali. Maswali ya wanaoanza yalifungwa kwa kuwa yamekwisha kuulizwa, au hayakuandikwa sawasawa, na mara nyingine aliyeuliza alijibiwa kwa kejeli. Mwezi wa Aprili 2018 wenye kuliendesha walikiri hadharani kwamba watu wengi, hususan wageni na wanawake, waliliona baraza hilo kuwa mahali pa uadui. Hatuwalaumu wenyeji moja kwa moja, maana mwalimu aliyejibu swali moja mara mia mbili huchoka. Lakini muulizaji aliyefukuzwa leo ndiye ambaye angekuwa mjibu baada ya miaka mitano.

Mtihani wenyewe ukaja kwa njia mbili. Mwaka 2021 kampuni iliyolimiliki baraza iliuzwa kwa kampuni ya Prosus ya Uholanzi kwa dola za Marekani bilioni 1.8. Waliokuwa wakijibu miaka yote bila ujira waliuona thamani ya kazi yao ikiandikwa katika hundi ya wengine. Kisha Novemba 2022 ikatoka mashine ya kujibu iitwayo ChatGPT, iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno yaliyokusanywa kutoka intaneti. Mwezi uliofuata baraza liliyapiga marufuku majibu yaliyotungwa na mashine hiyo, kwa sababu yalikuwa na sura ya ukweli na mara nyingi hayakuwa kweli. Juni 2023 wasimamizi wengi wa kujitolea waligoma. Mei 2024 kampuni ikafanya mapatano na OpenAI, wenye ChatGPT, na baadhi ya wanachama walipojaribu kuyafuta majibu yao kwa hasira, wakazuiwa. Tangu hapo maswali mapya yamepungua mno.

Mashine humjibu mtu upesi, humjibu bila kejeli, na wala haichoki. Yote hayo ni mema. Lakini jibu lake hutolewa faraghani. Anayeuliza hupata, na jirani yake haoni. Likiwa na kosa, hakuna wa tatu wa kulisahihisha. Tumerudi kwenye sanduku tulilolitaja hapo mwanzo, ijapokuwa sasa ni sanduku lenye maneno matamu.

Na sisi je? Baraza hili lilikuwa la Kiingereza, na mwaka 2009 wenyewe walitangaza wazi kwamba maswali ya lugha nyingine hayapokelewi. Kati ya 2014 na 2015 yakafunguliwa mabaraza dada ya Kireno, Kijapani, Kirusi na Kihispania. La Kiswahili halikufunguliwa. Historia yetu ina sehemu yake katika kuchelewa huko, kwani mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na milango ilifunguliwa tena pole pole. Si kwamba hatukufanya kitu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kutafsiri kilichokwisha kutungwa. Kijana wa Mbeya au Mombasa aliyekwama katika kutunga alilazimika kuufikiri ugumu wake kwa Kiswahili, kuuandika kwa Kiingereza, na aghalabu swali lake likafungwa kwa sababu ya Kiingereza chake, si kwa sababu ya fikra yake.

Upo ubishi kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tunaupenda ubishi huo, kwa kuwa ni wa watu wanaoijali lugha, lakini hautatatuliwa na kamusi peke yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, laweza kusanifu istilahi. Haliwezi kuuliza maswali kwa niaba ya wanafunzi. Kitanzi, sharti, kumbukumbu, mdudu wa programu: maneno haya yatakomaa pale mwanafunzi mmoja atakapoyatumia kuuliza jambo linalomsumbua kweli, na mwingine akayatumia kumjibu.

Shule nyingi za sekondari sasa zina somo la kompyuta, na baadhi zina vyama vya wanafunzi vya somo hilo. Tungependa kuona kila chama kina daftari kubwa moja, mezani, lisilofungiwa. Mwanafunzi aliyekwama aandike humo swali lake kwa Kiswahili, pamoja na yale aliyokwisha kuyajaribu; atakayelitatua aandike jibu na jina lake na tarehe, hata kama ni yule yule muulizaji. Kidato kipya kikifika, kisomeshwe daftari kabla ya kugusa mashine, na kiambiwe kwamba swali lililoandikwa vibaya litasahihishwa na wala halitafutwa. Mwisho wa mwaka mwalimu adondoe maneno ambayo wanafunzi walikosa Kiswahili chake, na yale waliyoyabuni wenyewe, aipeleke orodha hiyo BAKITA.