Uhuru wa Watumwa: Riwaya niliyoisoma mara tatu, na kila mara ikanisoma mimi

MPENZI msomaji, ni mara ngapi umeandika katika insha ya shule kwamba mwacha mila ni mtumwa? Mimi niliiandika methali hiyo mara zisizohesabika, na mwalimu akanipa alama zake. Hata siku moja sikujiuliza mtumwa huyo ni nani, aliishi wapi, na kama kitukuu chake hakikuwa kimeketi nami kwenye dawati lile lile.

Swali hilo lilinijia ukubwani, na lililetwa na riwaya. Leo nataka kusimulia jinsi kitabu kimoja kilivyonifurahisha, kikaniudhi, kisha kikanitia haya. Naisimulia kwa sababu naamini safari hiyo si yangu peke yangu. Wasomaji wengi wa pwani tumepita vituo viwili vya kwanza. Cha tatu tumekikwepa.

Kitabu chenyewe ni Uhuru wa Watumwa cha James Juma Mbotela, kilichochapishwa na Sheldon Press, London, mwaka wa 1934. Wanahistoria wa fasihi hukitaja miongoni mwa riwaya za kwanza za Kiswahili kuandikwa na Mwafrika. Wapo wanaoshikilia kuwa si riwaya bali ni tarihi, au kumbukumbu za ukoo na kijiji. Wabishane. Mimi nilikisoma kama hadithi, na kilinikamata kama hadithi.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, nimeketi barazani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale. Mambo yalikwenda mbio: watu wanatekwa huko bara, wanasukumwa kwa miguu hadi pwani, wanashindiliwa jahazini, kisha manowari ya Waingereza inatokea na kuwaokoa. Wanaletwa Mombasa, wanapewa kijiji chao, shule yao na kanisa lao. Mimi nilikuwa upande wa manowari moja kwa moja. Nilishangilia kila jahazi lilipokamatwa, kama mtu anayetazama sinema. Nilipofunga kitabu nilidhani nimesoma habari za nchi ya mbali.

Kumbe! Ukisimama ufuoni karibu na Ngome ya Yesu, ukatazama ng'ambo ya maji, unaiona Nyali. Freretown, kijiji cha Mbotela, kiko nyuma yake tu, upande wa Kisauni. Nilikuwa nikisoma habari za majirani na sikujua.

Historia inayobeba hadithi hiyo ni ya kweli. Mapema mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash. Ilipofika Juni mwaka huo, Sultani alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Manowari zikaendelea kukamata majahazi, na swali likawa: waliookolewa wapelekwe wapi? Jumuiya ya kimisheni ya CMS ikamtuma William Salter Price, ambaye tayari alikuwa amewahi kuwalea Waafrika waliookolewa huko Nasik, India. Alifika Mombasa mwaka wa 1874, na mwaka uliofuata ardhi ikapatikana Kisauni. Kijiji kikapewa jina la Frere. Babake Mbotela alikuwa mmoja wa mateka hao waliookolewa, na mwanawe ndiye aliyekuja kuandika.

Mara ya pili nilikisoma nikiwa chuo kikuu, na mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mwenye hasira. Nilikuwa nimeshafunzwa kunusa kasumba ya kikoloni hata pale isipokuwepo, na humu ilikuwepo tele. Mwingereza ni mkombozi, Mwarabu ni katili, Mwafrika ni wa kuokolewa na kushukuru. Basi nikashika kalamu nyekundu, nikawa napigia mstari kila sifa anayopewa Mzungu.

Hoja zangu hazikuwa za ovyo. Zingatia kitabu kilitoka wakati gani. Mwaka wa 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana papa hapa Mombasa na kuamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa kando. Mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa, na vitabu vya shule vikawa vinapitia mkononi mwake. Sheldon Press nayo ilikuwa tawi la shirika la uchapishaji la kanisa. Mwandishi aliyezaliwa misheni, akachapishwa na kanisa, akasomwa na watoto wa shule chini ya serikali ya Mwingereza, angeandika nini kingine? Na serikali hiyo iliyosifiwa haikuwa na haraka yoyote ya kumaliza utumwa bara. Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka wa 1895, lakini hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani yetu hadi 1907. Ilipofutwa, waliolipwa fidia ni mabwana. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa hata pesa moja.

Nikaandika tasnifu fupi, nikamwita Mbotela mateka wa mara ya pili. Nikapata alama nzuri. Nikatulia.

Ni hapo, mpenzi msomaji, ninapotaka tusimame kidogo. Hasira ile ilinifaa kwa namna ambayo sikuitambua. Nilipokuwa nikimlaumu Mwingereza kwa unafiki na Mbotela kwa kumsifu Mwingereza, kuna mtu mmoja hakuguswa na kalamu yangu nyekundu. Naye ni mimi, mtoto wa Kibokoni. Nyani haoni kundule.

Miaka ilipita, na siku moja nilikuwa kwenye matatu ya kuelekea Bombolulu. Makanga akapiga kelele: "Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?" Jina hilo nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote. Siku hiyo nilishuka, nikaenda kuitazama kengele yenyewe. Masimulizi ya pale yanasema kengele ile ilipigwa kuita watu ibadani, lakini pia ilipigwa kuwaonya wanakijiji kwamba maadui wanakuja. Nikajiuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: maadui kutoka wapi?

Jibu linajulikana. Kufikia mwaka wa 1880 hakukuwa tena na mateka wa baharini peke yao huko Freretown na Rabai. Watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia misheni, na wenye mashamba hayo walikuwa Waarabu na Waswahili, wengi wao wakazi wa kisiwa hiki. Mwaka huo hasira ya mabwana ilipanda hata ikahofiwa kwamba Freretown itavamiwa. Watoro wengine hawakuitegemea misheni, wakaanzisha vijiji vyao wenyewe kama Fuladoyo, huko bara ya Kilifi. Kisha tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA aligawa vyeti vya uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400. Vyeti hivyo vilinunuliwa: mabwana walilipwa fedha ili wakubali kuwaachilia.

Basi kengele ile ilikuwa inapigwa kwa sababu yetu. Waliokuwa wakiogopwa walitoka upande huu wa maji, upande wa baraza niliyoketi nikishangilia manowari.

Nilirudi nyumbani nikamkumbuka bibi yangu. Nilipokuwa kijana niliwahi kumuuliza, "Bibi, nyumba hii ilikuwa na watumwa?" Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Yaache hayo, mwanangu. Watu washaoana." Nikayaacha. Lakini kulikuwa na mama mmoja mzee tuliyemwita shangazi. Alilala kwetu, akatupikia na kutuogesha, na alipokufa tukamlilia. Siku nasaba ya ukoo iliposomwa, jina lake halikuwamo. Mamake alikuwa mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake. Neno hilo nilikuja kulifahamu kutoka vitabuni, maana kwetu halikutamkwa.

Nikiwa katika hali hiyo nilisoma riwaya mbili nyingine. Ya kwanza ni Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka 1978. Humo mna mtumishi mmoja, jina lake Kijakazi. Jina lenyewe ni hukumu. Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa uaminifu usiotikisika, na hata Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yanapofika, moyo wake unachelewa kumwacha. Mwanzoni alinichosha. Nilitaka kumtikisa mabega nimwambie, "Amka, mama!" Nilipofika katikati ya kitabu nikaacha kumkasirikia, kwa sababu nilishaiona sura ya shangazi. Naye hakuwahi kulalamika. Sisi tulisema ni mapenzi, na pengine yalikuwa mapenzi kweli. Ila hatukumpa nafasi ya kuwa na kitu kingine.

Ya pili ni Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka kwa Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwao na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwona kama jamaa. Kumbe ametolewa rehani kwa deni la baba yake, na inabidi kijana mwenzake, Khalil, amkumbushe kila mara kwamba Aziz si jamaa yake. Mistari hiyo ilinichoma. Yusuf ana jamaa asiye jamaa, nami nilikuwa na shangazi asiye shangazi. Tofauti ni kwamba Yusuf ndiye aliyedanganywa na neno hilo la ukoo, na kwetu sisi ndio tuliolitumia.

Baada ya hapo nikakifungua kitabu cha Mbotela mara ya tatu. Sifa kwa Mwingereza bado zimo, na bado zinakera. Lakini sasa nilisikia sauti iliyo chini yake, sauti ya mtoto anayesimulia alivyookolewa babake. Mtu aliyetolewa tumboni mwa jahazi haulizi bendera ya aliyemtoa. Hiyo shukrani niliyoipigia mstari mwekundu haikuwa yote kasumba. Nyingine ilikuwa deni halali la mwana kwa uhai wa baba yake. Mimi, ambaye babu zangu hawakuwamo jahazini, nilikuwa na haki gani ya kumpimia shukrani yake?

Halafu litazame jina la kitabu. Leo tukisema "uhuru" tunawaza Desemba 1963, bendera na wimbo wa taifa. Lakini "huru", neno tulilolipata kwa Waarabu, maana yake ya awali ilikuwa mtu asiye mtumwa. Mtumwa ndiye aliyeachwa huru. Mbotela aliliweka neno hilo kwenye jalada karibu miaka thelathini kabla ya siasa kulichukua. Na wenzake bado wamo midomoni mwetu. "Muungwana" alikuwa mtu aliyezaliwa huru kabla ya kuwa mtu mwenye adabu, kana kwamba mtumwa hangeweza kuwa na adabu. "Kibarua" ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa, na katika karne ya 19 vibarua wengi wa pwani walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana wao, kisha ujira ukagawanywa. Kijana wa leo anayeamka alfajiri kutafuta kibarua bandarini anatumia neno lenye umri na uchungu kuliko anavyodhani.

Najua kuna watakaosema tusichimbue makaburi. Watakumbusha kwamba utumwa wa pwani ulikuwa na taratibu zake, kwamba mzalia aliweza kuachwa huru na suria kuzaa mtoto huru, na kwamba wamishonari walitia chumvi ili waichafue dini yetu. Yote hayo yana ukweli ndani yake, nami sikubali historia ya Mombasa iandikwe kwa wino wa CMS peke yake. Lakini mambo hayajamalizika kwa sababu hayatajwi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimpa hati aliyeweza kuthibitisha miliki, na waliolima mashamba hayo kama watumwa wakabaki maskwota. Ugomvi wa ardhi tunaousikia kila uchaguzi una mizizi huko.

Kwa walimu wa fasihi nina ombi dogo. Uhuru wa Watumwa kisiachwe kabatini kwa kisingizio kwamba ni kasumba, wala kisifunzwe kama kumbukumbu takatifu. Kisomwe pamoja na Kasri ya Mwinyi Fuad na Peponi, na mwanafunzi aulizwe, pamoja na maudhui na mbinu za lugha, alikuwa upande wa nani alipoanza na yuko upande wa nani anapomaliza. Akibadilika njiani, asione aibu. Ndiyo kazi ya riwaya.

Mimi bado napanda matatu zile. Makanga akiita "Kengeleni!" abiria wanashuka na mifuko yao ya soko, kila mmoja na njia yake. Jina la shangazi nimeliandika kwa mkono wangu katika karatasi ya nasaba yetu, chini ya nyumba iliyomlea na aliyoilea. Mjomba wangu mmoja hajapendezwa. Amesema tutazungumza.

Nami namsubiri tuzungumze.