Mkutano wa AA

Mkutano wa AA ni kikao cha watu wanaotaka kuacha pombe. Hukaa pamoja kwa saa moja hivi, wakasimuliana walivyokuwa wakinywa, walivyoacha na wanavyoishi sasa. Herufi hizo ni kifupisho cha Alcoholics Anonymous, jina la Kiingereza lenye maana ya walevi wasiotajwa majina. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna ada, wala hakuna daktari mbele ya darasa. Sharti la uanachama ni kutaka kuacha kunywa, basi.

Chimbuko

Yote yalianza na mazungumzo ya watu wawili mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwezi Mei 1935. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Shughuli iliyompeleka Akron ikaharibika, naye akajikuta peke yake hotelini, jirani na baa. Badala ya kuingia baa alishika simu akawapigia viongozi wa makanisa, akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Mwishowe alikutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji, aliyekuja akiwa amekusudia kukaa robo saa tu. Waliongea mpaka usiku. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa AA.

Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Wilson alikwenda kumwokoa Smith. Ukweli ni kwamba alikwenda kujiokoa yeye mwenyewe, na ndiyo sababu mgeni anayetetemeka kwenye kiti cha nyuma hahesabiwi kuwa mzigo: wenyeji nao wanamhitaji. Hatua 12 za kuacha pombe, ambazo wanachama huzipitia, zilichapishwa katika kitabu cha chama mwaka 1939.

Kuupata mkutano

Hapa pana ugumu wa kweli. Chama kinachoficha majina hakitundiki mabango, na desturi yake ni kutojinadi. Siri ileile inayomlinda aliye ndani humfichia mlango aliye nje. Njia za kawaida ni tovuti ya AA yenyewe, vituo vya tiba ya uraibu, na wauguzi wa afya ya akili, ambao mara nyingi hujua kundi linakutana siku gani. Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nambari 1192, inayompa mpigaji ushauri na kumwelekeza kwenye msaada. Anayeishi mbali na mji anaweza kuhudhuria kwa intaneti, maana mikutano ya aina hiyo imeongezeka sana tangu 2020.

Makundi mengi hukodi ukumbi wa kanisa bila kuwa sehemu ya kanisa hilo. Hatua 12 zinamtaja Mungu, ila kila mtu huachiwa amwelewe anavyomwelewa yeye. Hata hivyo, kwa Mwislamu wa pwani, ambaye aibu ya pombe kwake ni maradufu, kuonekana akiingia uani mwa kanisa si jambo dogo. Mkutano wa intaneti unaweza kuwa mlango wake wa kwanza.

Mikutano ni ya aina mbili. Wa wazi huingia yeyote, hata ndugu au mwanafunzi; uliofungwa ni wa wenye tatizo la pombe peke yao.

Ndani

Mwenyekiti hufungua kwa kusoma maelezo mafupi ya chama, kisha watu huzungumza kwa zamu. Msemaji hutaja jina lake la kwanza na kusema kwamba ni mlevi. Kwa Kiswahili sentensi hiyo ni nzito kuliko kwa Kiingereza, maana mlevi kwetu ni tusi, tena ni mtu aliyelewa sasa hivi; wapo wanaopendelea kusema mraibu wa pombe. Hakuna kukatizana wala kupeana ushauri bila kuombwa. Mgeni anaweza kunyamaza mwanzo hadi mwisho. Kapu likipita, halazimiki kutia chochote, na chama hakipokei fedha za watu wa nje.

Mgeni hushauriwa baadaye achague mwenzake mwenye uzoefu wa kumshika mkono katika hatua. Kiingereza humwita sponsor, neno ambalo Nairobi mitaani lina maana nyingine kabisa, ya tajiri anayelea kimada, kwa hiyo ni afadhali kusema mlezi.

Mipaka

Mkutano si hospitali. Anayeamka akitetemeka mpaka azimue hapaswi kuacha ghafla peke yake: kwa mnywaji wa kila siku, kukata pombe kwa mara moja kunaweza kuleta degedege, maruweruwe, hata kifo. Aanze kwa daktari, mkutano ufuate.

Mapitio ya kitabibu ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yaliona kuwa tiba inayomwelekeza mgonjwa kwenye AA huwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka. Katika vipimo vingine, kama madhara ya ulevi, zilikaribiana.

Familia zina mikutano yao, Al-Anon, ambayo Lois Wilson, mke wa Bill, aliianzisha na mwenzake mwaka 1951. Jamaa anaweza kwenda huko hata kama mnywaji mwenyewe bado yuko baa.