Kilimo cha mboga za mapukutiko katika Maine

Kilimo cha mboga za mapukutiko ni ukuzaji wa mboga zinazopandwa wakati wa majira ya joto ili zivunwe kuanzia Septemba hadi Novemba, miti inapopukutisha majani kabla ya majira ya baridi. Hufanyika katika nchi zenye baridi kali. Mfano mmoja ni jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Katika kilimo hiki tarehe ya kupanda ndiyo inayoamua mavuno, kwa kuwa mmea uliochelewa hukutwa na baridi ukiwa bado mdogo.

Jalidi na mwanga

Jalidi ni barafu nyembamba inayoganda juu ya majani halijoto inaposhuka hadi 0 °C au chini yake. Katika sehemu za kaskazini za Maine jalidi ya kwanza huweza kuanguka mnamo Septemba, na katika pwani ya kusini mara nyingi ni Oktoba. Usiku mmoja tu wa jalidi huua nyanya, maharagwe, matango na pilipili hoho.

Mwanga nao hupungua. Karibu na ikweta mchana huwa na saa 12 hivi mwaka mzima, hivyo kalenda ya mkulima hufuata mvua za masika na vuli. Mjini Portland, Maine, mchana huwa na zaidi ya saa 15 mwezi Juni, lakini takriban saa 9 mwezi Desemba. Kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwanzo wa Februari mchana huwa chini ya saa 10, na mboga nyingi karibu huacha kukua. Kwa sababu hiyo mboga inapaswa kukomaa kabla ya kipindi hicho.

Kuhesabu tarehe ya kupanda

Wakulima huhesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe ya kawaida ya jalidi ya kwanza. Huchukua siku za kukomaa zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu, kisha huongeza siku 14 hivi kwa sababu ukuaji hupungua kasi. Kwa mfano, ikiwa jalidi hutazamiwa tarehe 1 Oktoba:

- Karoti za siku 70: 70 + 14 = siku 84; hupandwa tarehe 9 Julai.
- Figili za siku 28: 28 + 14 = siku 42; hupandwa tarehe 20 Agosti.

Mbegu za saladi na spinachi huota kwa shida katika udongo wenye joto. Kwa hiyo kitalu hutiwa kivuli na kumwagiliwa maji mara kwa mara.

Mboga zinazofaa

Kabichi, sukuma wiki, spinachi, karoti, bitiruti na figili huvumilia jalidi nyepesi. Sukuma wiki na karoti hata huongezeka utamu, kwa sababu mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo husaidia maji ndani ya seli yasigande upesi. Kitunguu saumu hupandwa Oktoba, hukaa ardhini wakati wote wa baridi, na huvunwa mwaka unaofuata mnamo Julai.

Kinga na hifadhi

Matuta hufunikwa kwa kitambaa chepesi au karatasi ya plastiki iliyotandazwa juu ya fito zilizopindwa. Mkulima na mwandishi Eliot Coleman wa Harborside, Maine, anajulikana kwa kuvuna mboga hata wakati wa baridi katika vitalu nyumba visivyopashwa moto. Karoti zilizong'olewa huhifadhiwa katika mchanga wenye unyevu, mahali penye baridi pasipoganda.

Wakulima wenye asili ya Afrika

Miongoni mwa wakulima wa Maine wamo Wabantu wa Somalia waliohamia Lewiston. Watu waliozoea kilimo cha kufuata mvua hulazimika huko kujifunza kalenda inayofuata jalidi na urefu wa mchana.