Mwenza Asiye na Cheti cha Ndoa

Mwaka 1982 mwanamke Mwingereza aliyekuwa akiishi Uholanzi aliomba kibali cha ukaazi kwa sababu moja: mpenzi wake, Mwingereza pia, alikuwa na kazi huko. Hawakuwa wameoana. Akanyimwa.

Aprili 17, 1986, Mahakama ya Ulaya mjini Luxembourg ilitoa hukumu katika kesi hiyo, namba 59/85. Majaji walikataa kwamba mpenzi ni sawa na mke. Lakini Uholanzi ilikuwa ikiwaruhusu raia wake kuleta wapenzi wa kigeni wasiofunga nao ndoa, kwa hiyo ilipaswa kumtendea vivyo hivyo mfanyakazi aliyetoka nchi nyingine ya Jumuiya ya Ulaya. Hoja ya usawa ndiyo iliyofungua mlango.

Uingereza yenyewe ilichelewa. Oktoba 1997 ilianza kuwapokea wenza wasioweza kuoana kisheria, wakiwemo wa jinsia moja, mradi wawe wameishi pamoja miaka 4. Mwaka 1999 ikawa 2. Ushahidi ulikuwa makaratasi: mkataba wa pango, bili za umeme, barua zenye majina yote mawili. Sharti la kuishi pamoja liliwaumiza hasa waliotenganishwa na mipaka. Wangeishije nyumba moja bila viza? Tangu Januari 2024, uhusiano wa miaka 2 unaofanana na ndoa unatosha, hata kama wawili hao waliishi mbalimbali.