Utafiti wa Kitabibu Kusini mwa Nyanza

Utafiti wa kitabibu, yaani upimaji wa kinga na tiba kwa binadamu, ulipata taasisi yake ya kitaifa nchini Kenya mwaka 1979, KEMRI ilipoundwa. Kuanzia mwaka 2013, utafiti wa SEARCH ulipima virusi vya UKIMWI katika jamii za vijijini za Uganda na Kenya, zikiwemo za kusini mwa Nyanza, huku ukiandikisha umri, ndoa, kazi na safari za wakazi. Takwimu hizo zilitumiwa kuifunza akili unde, programu inayobaini mielekeo katika data, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba, ili kuwafikia nusu ya walioambukizwa baadaye, programu ililenga asilimia 18 ya watu, ilhali mbinu ya kuteua makundi yaliyo hatarini ililenga asilimia 42.