Nchi Kavu Kabla ya Tsushima: Maofisa Vijana wa Urusi Kisiwani Nosy Be, 1905

Tarehe 9 Januari 1905, manowari kubwa za Kikosi cha Pili cha Pasifiki cha Urusi zilitia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na kuungana na kundi lililopitia Mfereji wa Suez. Kikosi hicho, chini ya Admeri Zinovy Rozhestvensky, kiliondoka Libau Oktoba 1904 kwenda kuiokoa Port Arthur. Kilipofika maji ya Madagaska, kilipata habari kwamba ngome hiyo ilikuwa imesalimu amri kwa Wajapani tarehe 2 Januari. Hata hivyo, kilibaki Nosy Be hadi tarehe 16 Machi. Insha hii inahoji maana ambayo wanahistoria wameipa miezi hiyo miwili.

Simulizi iliyozoeleka huyaeleza maisha ya maofisa katika mji mdogo wa Hellville kwa mambo matatu: kamari, ulevi, na wanyama wa porini walionunuliwa na kupandishwa melini. Riwaya ya Tsushima ya Aleksey Novikov-Priboy, aliyekuwa baharia katika manowari ya Orel, iliieneza taswira hiyo miaka ya 1930. Ushahidi wake una thamani, lakini mwandishi alikwisha kuujua mwisho wa safari, tena aliandika katika dola ya Kisovieti iliyotaka maofisa wa utawala wa kifalme waonekane wameoza. Kwa msomaji wake, kila karata iliyochezwa Hellville ni dalili ya kushindwa.

Barua za mhandisi Yevgeny Politovsky kwa mkewe ni ushahidi wa aina nyingine, kwa kuwa ziliandikwa safarini na mtu asiyejua yatakayotokea. Naye analalamikia ulevi na kamari. Kwa hiyo mambo hayo hayakubuniwa baadaye. Tofauti ni kwamba kwake yamo pamoja na joto, ukarabati wa meli usiokwisha, na kungoja barua za nyumbani.

Muktadha huo ndio unaoifafanua ruhusa ya kushuka nchi kavu. Miongoni mwa maofisa hao walikuwamo vijana waliohitimu mapema kuliko kawaida mwaka 1904, mara vita vilipoanza. Lengo la safari yao lilikuwa limetoweka. Habari za waandamanaji kupigwa risasi mjini St Petersburg tarehe 22 Januari ziliwafikia wakiwa hapo hapo. Kampuni ya Kijerumani iliyowauzia makaa ya mawe ilisita kuendelea, na serikali yao iliwataka wasubiri meli zaidi. Hivyo, mapumziko yao hayakuwa malipo ya kazi iliyokamilika, bali kungoja amri ambayo sababu yake haikueleweka tena.

Aidha, kamari haikupunguza kasi ya meli. Waliyoyapata Tsushima yana sababu zinazoweza kuonyeshwa: makombora ya mazoezi yalikuwa haba, sehemu za meli zilizo chini ya maji ziliota magugu na chaza, makaa yalirundikwa kupita kiasi, na wapiganaji wa Japani walikuwa na uzoefu wa vita wa mwaka mzima. Kuyaweka maadili ya vijana mahali pa sababu hizo ni kuwapunguzia lawama waliowatuma.

Upo pia upungufu ambao barua na riwaya zote mbili zinao. Wasakalava, Waantalaotra wenye uhusiano wa kale na Komoro na pwani ya Waswahili, na wafanyabiashara wa Kihindi huonekana humo kama wauza matunda na wanyama tu. Hellville ilikuwa mji wa watu hao kabla ya kuwa kituo cha wageni, na mtafiti wa Bahari ya Hindi hana budi kuanza na swali la jinsi wao walivyoupokea ugeni wa maelfu ya wanajeshi.

Tarehe 27 na 28 Mei 1905, Warusi zaidi ya 4,000 walikufa Tsushima. Politovsky aliangamia pamoja na manowari ya Suvorov. Katika Borodino alinusurika mtu mmoja tu. Wengi wa waliocheza karata Hellville hawakupata nafasi ya kuandika kumbukumbu. Historia ya ruhusa yao imeandikwa na waliobaki. Kwa sababu hiyo, insha hii inapendekeza kwamba vyanzo vya Nosy Be visomwe kwanza kwa tarehe zake, na matokeo ya vita yafuate baadaye.